Du Fu, Mshairi wa China

Zamani nilidhani kuwa vina na mizani ni pingu za kumfunga mshairi asiseme lililo moyoni mwake. Aliyenitoa katika dhana hiyo ni Mchina wa kale aitwaye Du Fu.

Du Fu alizaliwa mwaka 712, katika enzi ya wafalme wa Tang. Alisoma sana, lakini alishindwa mtihani wa kuingia kazi ya serikali. Mwaka 747 alijaribu tena, na safari hii waziri mkuu aliwaangusha watahiniwa wote. Akakaa miaka mingi katika mji mkuu, Chang'an, akiwa maskini. Mwaka 755 alikwenda kuwatazama jamaa zake, akakuta mwanawe mchanga amekufa kwa njaa. Mwaka huo huo jemadari An Lushan akaasi. Waasi waliuteka mji mkuu, na Du Fu akakamatwa na kuzuiwa humo, mbali na mkewe na watoto.

Humo ndimo alimotunga, mwaka 757, shairi lake juu ya majira ya machipuko, miezi ambayo baridi huondoka na miti kuchanua. Nimelichunguza kama tulivyofundishwa na mwalimu wetu. Lina mishororo minane, kila mmoja mizani tano, maana katika Kichina alama moja husomwa kwa silabi moja. Pumziko huja baada ya mizani ya pili. Kina ni kimoja tu, nacho hukaa mwisho wa mshororo wa 2, wa 4, wa 6 na wa 8. Kina cha kati, kama chetu, hakuna.

Je, takriri? Alama zote ni 40, wala hakuna hata moja iliyorudiwa. Kinachorudiwa ni umbo. Mshororo wa 3 na wa 4 hulingana neno kwa neno: maua kwa ndege, machozi kwa moyo. Vivyo hivyo wa 5 na wa 6: mioto ya vita upande mmoja, barua ya nyumbani upande wa pili.

Basi nikafahamu. Mtu mwenye msiba kama ule angeweza kulia ovyo, lakini yeye aliupanga uchungu wake hata nasi tukaweza kuupokea.

Mwaka huo huo alitoroka. Alitangatanga hata akafa mwaka 770, kabla ya sifa zake kuenea. Mashairi yake yapatayo 1,400 yangaliko.

Siku hizi nikipungukiwa na mizani silaumu kanuni. Hufuta, nikaanza tena.