Mathews: Baharia wa Malkia aliyekula chumvi ya Sayyid Barghash

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeketi barazani hapa Mombasa, tukizungumza habari za kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyemaliza miaka yake jeshini na sasa anataka kuandikwa polisi. Mzee mmoja kati yetu alipinga jambo hilo kabisa. Kwa fikira zake, askari wa vita amefunzwa kumwondoa adui mbele yake, na askari wa mji hana adui. Ana majirani, wengine wema na wengine wezi, na wote atakutana nao tena kesho sokoni. Tulibishana mpaka mwadhini akatuinua. Mimi sikusema mengi, maana mawazo yangu yalikuwa yamevuka bahari hadi Unguja, kwa Mzungu mmoja aliyefanya safari hiyo hiyo ya kutoka vitani kuingia katika ulinzi wa mji, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Jina lake Lloyd Mathews.

Alizaliwa Machi 1850 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Mwaka wa 1863 akaingia katika jeshi la majini la Uingereza, naye ana miaka 13 tu, umri ambao watoto wetu huwa bado wanakimbizana na mwalimu wa chuoni. Alikua juu ya maji. Vita vya Ashanti vya 1873 na 1874, katika nchi ambayo leo ni Ghana, vilimpandisha cheo akawa luteni, na mwaka wa 1875 akaletwa Unguja katika manowari iitwayo London.

Manowari hiyo haikuwa ya kupigana. Ilikuwa meli kuukuu iliyotia nanga mbele ya mji, ikawa ghala, hospitali na makao ya mabaharia. Waliotoka ni mashua zake, zikizunguka Pemba na mkondo wa Unguja kuyasaka majahazi ya watumwa, kwa kuwa Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alikuwa amelazimishwa kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini na kufunga soko lake mjini. Kazi ya Mathews, basi, ilikuwa tayari nusu ya upolisi. Hapakuwa na vita. Alitakiwa kusimamisha jahazi, kumwuliza nahodha hati zake, kutazama ngamani, na akikuta watumwa, kulipeleka shauri kwenye mahakama ya konseli wa Kiingereza. Lakini mabaharia hao walilipwa bahashishi kwa kila jahazi lililohukumiwa, na wenye majahazi ya halali walikuwa na malalamiko yao, nami siwalaumu. Mlinzi anayelipwa kwa idadi ya wezi anaowakamata huwaona wezi kila mahali.

Mnamo Agosti 1877 maisha yake yakageuka. Sayyid Barghash alitaka jeshi jipya. Mpaka siku hizo ulinzi wa Unguja ulikuwa mikononi mwa Wabaluchi na Waarabu wa kukodiwa, kila kikundi na jemadari wake, na utii wao ulikwenda kwa jemadari kwanza, kwa Sayyid baadaye. Mfalme aliyetaka kutuliza mji, kuzuia magendo ya watumwa na kutuma amri yake hadi bara hakuweza kuwategemea. Konseli John Kirk akamsaidia kumwazima Mathews kutoka kwenye manowari. Luteni huyo wa miaka 27 akaanza na watu 300 hivi, wengi wao Waafrika, akawavika sare, akawafunza gwaride na kushika zamu. Serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500 za Snider. Ilipofika 1880 askari wake walikuwa kiasi cha 1,300.

Watu hao walikuwa askari wa vita na askari wa mji kwa pamoja. Ndio waliopiga lindo, ndio waliopelekwa kukamata, na ndio waliosafirishwa Pemba au Mrima palipoharibika mambo. Mathews mwenyewe alibaki na miguu katika mashua mbili: yu luteni wa Malkia kwenye daftari, naye yu mkuu wa askari wa Sayyid barabarani. Juni 1881 akachagua. Alijiuzulu katika jeshi la majini, akiwa na umri wa miaka 31, akawa brigedia jenerali wa Unguja. Kwa Mwingereza wa zama zile, kuiacha bendera yake akaenda kula chumvi ya mfalme wa Kiislamu halikuwa jambo jepesi.

Hiyo kazi mpya ilimjaribu mapema. Tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari London, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Manahodha walijua kwamba Waingereza hawakuruhusiwa kupekua jahazi lenye bendera hiyo, na wengi waliitumia kama hirizi. Kiongozi wa jahazi alikuwa Mwarabu mmoja aitwaye Hindi bin Khatim. Fikiri hali ilivyokuwa, msomaji: Brownrigg alikuwa mkuu wa meli ile ile aliyojia Mathews. Angekuwa bado yu baharia, hilo lingekuwa jambo la kisasi, na pengine mizinga ingeelekezwa kwenye mashamba ya Pemba. Badala yake alikwenda kwa amri ya Sayyid, pamoja na askari wa Sayyid, kumtafuta mtu mmoja. Alimpata baada ya mapambano, akamchukua akiwa amejeruhiwa, na Hindi akafa kwa majeraha hayo. Pemba haikuchomwa moto. Mimi huhesabu hiyo kuwa kazi yake iliyo safi kuliko zote.

Nyingine hazikuwa safi hivyo, na hapa sisi wa pwani ya Kenya tunaingia katika kisa. Kule nyuma ya Gazi, katika boma lake la Mwele, alikuwako Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, ambaye hakupenda kuinama kwa Unguja. Mnamo 1882 Mathews alipelekwa kumtiisha, akalizingira boma, lakini Mbaruk akaponyoka. Je, Mbaruk alikuwa mhalifu? Katika vitabu vya Sayyid alikuwa mwasi. Kwa wazee wa Gazi alikuwa mtoto wa ukoo uliotawala Mombasa kabla ya bendera ya Busaidi kupandishwa Ngome ya Yesu mwaka wa 1837. Polisi humkamata mwizi, na mwenye mali na jirani wote hushukuru. Akitumwa kumkamata mtu ambaye nusu ya watu humwita mfalme wao, hapo upolisi umerudi kuwa vita, hata ukivaa kofia gani.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888, Mola amrehemu, na baada yake chumvi ile ilianza kuchanganyika. Mwaka huo huo Sayyid Khalifa aliwakodisha Wajerumani utawala wa Mrima, na watu wa Pangani wakainuka. Septemba akapelekwa Mathews pamoja na askari wa Sayyid. Aliwatoa Wajerumani salama, ila yeye mwenyewe wenyeji hawakumtaka akae, ikambidi aondoke. Alikuwa ametumikia Unguja miaka kumi na moja. Machoni pa watu wa Pangani alikuwa Mzungu kama wale wengine.

Mnamo 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na Oktoba 1891 Mathews akawa Waziri wa Kwanza, akisimamia hazina, forodha na askari. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya Sayyid, lakini mfalme hakuweza tena kumwondoa bila ridhaa ya konseli. Mwaka wa 1894 Malkia alimpa cheo cha Sir. Agosti 1895 alirudi Mwele, safari hii nyuma ya manowari za Admirali Rawson, katika vita vilivyozuka kwa sababu ya urithi wa ulwali wa Takaungu. Boma lilitekwa, naye akajeruhiwa. Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani mwaka wa 1896, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka wa 1910.

Sasa nafika kwenye siku ambayo sikuweza kuitaja barazani, kwa kuwa wako wazee ambao hawapendi kuisikia. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla jua halijatua, kijana Khalid alikuwa ameingia jumba la mfalme na kujitangaza. Khalid huyu alikuwa mwana wa Barghash, yule yule aliyemtoa Mathews kwenye manowari na kumpa jeshi. Waingereza hawakumkubali, kwa kuwa mrithi alipaswa kupata idhini yao kwanza. Mathews na konseli Basil Cave walimwonya, naye akakataa kutoka.

Askari aliowafunza Mathews, kiasi cha 900, walipangwa mjini chini ya Luteni Raikes wakiielekea nyumba ya wafalme. Ndani yake walikuwamo watu karibu 2,800, walinzi, watumwa wa nyumba na raia waliochukua bunduki. Tarehe 27, saa tatu asubuhi kwa saa zetu, manowari zikafungua mizinga. Haikutimia saa nzima. Watu kiasi cha 500 walikufa au kujeruhiwa upande wa jumba. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia nyumba ya konseli wa Kijerumani, na jioni hiyo Sayyid Hamoud bin Mohammed alikuwa amekalishwa kitini.

Nimesimama mara mbili mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash, nikajaribu kumpa Mathews udhuru. Sheria ilikuwa upande wake, kama sheria ni ile iliyoandikwa na mwenye manowari. Tena ukweli wa Mungu ni kwamba aliupenda mji ule kuliko Wazungu wengi waliopita, akakaa miaka 26 bila kuukimbia. Aprili 1897, katika uwaziri wake, hali ya utumwa iliondolewa mbele ya sheria, kazi ambayo kwa njia moja aliianza katika mashua za London, ingawa masuria waliachwa nje ya amri ile hadi mwaka wa 1909. Haya yote ni kweli. Lakini askari wale alipewa na baba, akawaelekeza kwa mwana, na udhuru wa hilo sijauona bado.

Mathews alikufa kwa malaria Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Khalid alikaa Dar es Salaam mpaka Waingereza walipomkamata mwaka wa 1916, wakamhamishia St. Helena, kisha Shelisheli. Uzeeni waliruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki mwaka wa 1927, hapa hapa Mombasa.