Müller na Bamba Lake la Shaba

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali nataka nikuulize swali. Je, umewahi kuwaona wale malaika wawili wadogo wenye mabawa, mmoja ameshika kidevu, mwenzake amekunja mikono, wote wametazama juu kama wanafunzi wanaongoja kengele ya chakula? Wamejaa kwenye kadi za Krismasi na kalenda. Basi hao ni kipande kidogo tu cha picha kubwa ya Bikira Maria iliyochorwa na Mwitaliano Raphael yapata mwaka wa 1512. Raphael sifa zake zimeenea kote. Mimi leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyeinakili picha hiyo, na kazi hiyo ikamla mzima mzima.

Nilimfahamu mtu huyu kwa sababu ya aibu. Katika somo la sanaa tulipewa vipande vya lino na vichongeo, tuchonge jina la chama chetu kisha tupige chapa. Nilichonga kwa saa mbili, nikajikata kidole, na chapa ilipotoka, lo! Herufi zote zimegeuka nyuma mbele. Darasa zima likaangua kicheko. Nikalitupa lile lino pembeni, nikaapa kwamba kazi hiyo si yangu. Mwalimu hakunikemea. Alinipa tu kitabu cha maisha ya wachongaji, na humo ndimo nilimokutana na Johann Friedrich Wilhelm Müller.

Müller alizaliwa mwaka wa 1782 mjini Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake, Johann Gotthard Müller, alikuwa bingwa wa kuchora juu ya shaba. Ndiye aliyechonga picha ya Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, na pia ya mshairi Schiller. Kijana alifunzwa na babake mwenyewe, kisha mwaka wa 1802 akaenda Paris kujinoa zaidi. Huko alichonga picha ya Mtakatifu Yohana iliyochorwa na Domenichino, na watu wakaanza kusema kuwa mwana atampita baba.

Huenda ukauliza, kwani kunakili kuna ugumu gani? Kumbuka kwamba enzi hizo kamera hazikuwapo. Habari za upigaji picha zilitangazwa kwa ulimwengu mwaka wa 1839 tu. Mtu wa mbali aliyetaka kuiona kazi ya Raphael alikuwa hana budi kusafiri kwa gari la farasi siku nyingi, au amtegemee mchongaji. Na mchongaji naye alikuwa hana rangi hata moja. Alichukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa kama kioo, akalichimba kwa kichongeo cha chuma, mstari baada ya mstari. Pa giza aliweka mistari iliyosongamana na kupishana, pa mwanga akaitenganisha au akaacha wazi. Tena kila kitu alikichonga kinyume, kulia kuwe kushoto! Kisha bamba hupakwa wino, hupanguswa mpaka wino ubaki katika mistari tu, karatasi yenye unyevu huwekwa juu yake, na vyote hupitishwa katikati ya magurudumu mazito ya mashine. Ukikosea mstari mmoja, kuufuta ni kazi nyingine. Si mchezo, bwana.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Tangu mwaka wa 1754 ilikuwa Dresden, baada ya mtawala wa Saksonia kuinunua kutoka kanisa moja la Piacenza, Italia. Urefu wake unapita mita mbili na nusu. Mfanyabiashara wa picha wa Dresden, aliyeitwa Rittner, alimtaka Müller aichonge kwenye shaba. Mama mmoja mchoraji, Apollonia Seydelmann, alitayarisha mchoro mdogo wa kufuata. Müller alikubali, akajifunga kibwebwe.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Vita vya Napoleon vilipita, na mwaka wa 1813 watu walipigana hapo hapo Dresden. Mwaka uliofuata Müller akapewa uprofesa katika mji huo. Lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye bamba. Alitaka uso wa Maria uwe vile vile alivyouona. Aliinama juu ya shaba hata afya ikaanza kumtupa mkono, na akili nayo ikafuata. Bamba lilipokamilika, bwana wake alikuwa amekwisha kuvurugikiwa. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Sonnenstein, katika ngome ya kale mjini Pirna, na huko akafa mwezi wa Mei, 1816. Alikuwa na miaka 33. Inasimuliwa kwamba nakala ya kwanza ya picha yake ilitundikwa juu ya maiti yake. Babake aliishi mpaka mwaka wa 1830, na sijui mzazi huyo aliitazamaje picha hiyo.

Chapa za Müller zilisambaa, na wengi ambao hawakukanyaga Dresden waliijua kazi ya Raphael kwa mkono wake.

Siku moja rafiki yangu alibisha ati mtu anayenakili hana lake, heshima yote ni ya mwenye picha. Mimi sikubali. Mwalimu anayetufundisha hakuitunga Jiometri, lakini bila yeye tungeijulia wapi? Hata hivyo, wenzangu, hasa nyinyi watahiniwa mnaokesha na vitabu mpaka jogoo awike, mfikirieni Müller mara mbili. Bidii yake tuiige, lakini mwili nao una haki yake. Kazi nzuri ni ile inayomwacha mwenyewe akiwa hai kuifurahia.

Ama mimi, lile lino niliokota tena. Nililimaliza kwa majuma matatu, kidogo kidogo, herufi zote kinyume. Chapa ilipotoka, zilisomeka. Naweka kalamu chini.