Louis Pasteur: Mwana wa Mtengeneza Ngozi Aliyekishinda Kichaa cha Mbwa

Katika magazeti ya shule tumezoea kusoma habari za mashujaa wa vita na wa uhuru. Mwaka huu nimeonelea niwaletee shujaa wa namna nyingine, mtu ambaye hakushika bunduki wala mkuki. Jina lake ni Louis Pasteur, Mfaransa, ambaye aliaga dunia zaidi ya miaka 125 iliyopita.

Huenda ukauliza, Mfaransa huyu anatuhusu nini sisi wa Garissa? Subiri nikwambie. Sisi watu wa Kaskazini Mashariki ni watu wa mifugo. Ukitoka kidogo tu nje ya mji, iwe ni upande wa Dadaab, Hulugho au Masalani, usiku ni wa fisi na mbweha. Fisi huzunguka boma akinusa harufu ya mbuzi, na anayemkabili kwanza ni mbwa anayelala nje. Paka naye hulala nje akiwinda panya, akakutana na nguchiro au paka-mwitu. Asubuhi tunamkuta mbwa ana jeraha shingoni. Tunasema ni mambo ya mbwa hayo, kisha tunakwenda zetu. Kumbe huenda mnyama wa porini ameacha mate yenye ugonjwa ndani ya jeraha lile, na baada ya wiki kadhaa mbwa yule yule anamng'ata mtoto. Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa, na Pasteur ndiye aliyetufundisha kwamba mtu aliyeng'atwa anaweza kuokolewa.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, aliyekuwa zamani askari wa Napoleon, alikuwa mtengeneza ngozi. Kazi hiyo twaijua hapa kwetu, na harufu yake twaijua pia! Louis alikulia katika mji mdogo wa Arbois. Shuleni hakuwa wa kwanza darasani; alichopenda sana ni kuchora picha za watu.

Mwezi wa Oktoba 1831, kabla hajatimiza miaka 9, mbwa-mwitu wa Ulaya mwenye kichaa aliingia vijiji vya karibu na Arbois akawang'ata watu. Siku hizo dawa ilikuwa moja tu, nayo ni kuchoma kidonda kwa chuma chenye moto. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi, chuma kikatiwa motoni, na vilio vikasikika. Hata hivyo baadhi yao walikufa kwa kichaa. Jambo hilo liliingia katika kumbukumbu za mji ule, na kijana Louis alikua nalo.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 alipelekwa Paris kusoma. Nyinyi mnaolala bweni mtamwelewa: alishikwa na hamu ya nyumbani hata akaugua, akitamani walau anuse tena harufu ya ngozi za baba yake. Ikabidi baba aje kumchukua. Lakini hakukata tamaa. Alirudi Paris baadaye, na mwaka 1843 akaingia katika chuo mashuhuri cha ualimu, akawa mwanakemia. Naam, mwanakemia. Pasteur hakuwa daktari wa watu kamwe.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, mke ambaye pia alikuwa msaidizi wake, akimwandikia kazi zake usiku. Walijaliwa watoto 5, lakini watatu walifariki wakiwa bado wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Fikiria uchungu wa mzazi huyo. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto haukupona sawasawa tena maisha yake yote. Kazi zake juu ya kimeta na kichaa cha mbwa, ninazozisimulia hapa chini, alizifanya akichechemea.

Mambo aliyoyafanya ni mengi, nami nitayapitia haraka. Alionyesha kwamba vitu huchacha kwa sababu ya viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kwamba viumbe hivyo havizuki vyenyewe tu. Alionyesha pia kwamba kinywaji kikipashwa moto kwa kiasi, viumbe waharibifu hufa na kinywaji hudumu. Lile neno linaloandikwa kwenye pakiti za maziwa madukani limetokana na jina lake.

Kisha akageukia mifugo. Kimeta, ugonjwa unaojulikana sana na wafugaji, ulikuwa ukiwamaliza kondoo wa Ufaransa. Mwezi wa Mei 1881, katika shamba moja huko Pouilly-le-Fort, Pasteur alichukua kondoo 48 na mbuzi 2, pamoja na ng'ombe wachache. Nusu ya kondoo na mbuzi aliwapa chanjo na nusu hakuwapa, kisha wote wakatiwa vijidudu vya kimeta. Tarehe 2 Juni umati ulikuja kutazama. Waliochanjwa walikuwa wakila majani kama kawaida. Wale ambao hawakuchanjwa, hadi jioni walikuwa wamekufa wote. Mfugaji wa wapi asingesadiki hapo?

Basi sasa tuje kwenye kichaa chenyewe. Kuanzia mwaka 1880 Pasteur na wenzake, akiwemo daktari Émile Roux, waliletewa mbwa wenye kichaa katika maabara. Kazi ilikuwa ya hatari ajabu. Inasimuliwa kwamba Pasteur mwenyewe alivuta mate ya mbwa mgonjwa kwa mrija wa kioo huku wasaidizi wakimshikilia mbwa huyo mezani. Kirusi cha ugonjwa hakukiona, kwa kuwa darubini za zama hizo hazikuweza kukionyesha. Lakini aligundua kwamba ugonjwa hukaa katika ubongo na uti wa mgongo. Akachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, akautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kila siku ilipopita makali yake yalipungua, hata baada ya wiki mbili hivi ukawa haudhuru.

Hapa, wasomaji, ndipo penye siri kubwa, na ningependa muishike. Magonjwa mengi yakiingia mwilini hayakupi nafasi. Kichaa cha mbwa si hivyo. Kikiingia katika jeraha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari ambayo mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, ingawa jeraha la kichwani au usoni hufupisha njia. Kikifika ubongoni na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla hakijafika, mwili unaweza kufundishwa kwa chanjo ujitayarishe. Ndiyo kusema kuna mashindano ya mbio kati ya ugonjwa na sindano, na ugonjwa ni mkimbiaji mzito. Aliyeng'atwa hushindwa pale anapochelewa kuanza.

Tarehe 4 Julai 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aling'atwa na mbwa mwenye kichaa huko Alsace. Alikuwa na majeraha 14. Mama yake alimpeleka Paris, wakafika tarehe 6 Julai. Pasteur alikuwa amekwisha kujaribu chanjo kwa mbwa, lakini kwa binadamu ilikuwa haijathibitishwa bado. Tena watafiti waliosoma daftari zake miaka mingi baadaye wameona kwamba hata majaribio ya njia ile aliyoitumia kwa Meister yalikuwa hayajakamilika. Kwa hiyo hofu yake ilikuwa ya haki. Kwa vile hakuwa daktari, sindano zilidungwa na daktari Grancher, jumla 13 kwa muda wa siku kama 10, kila mara kwa dawa yenye makali zaidi kuliko ya jana. Pasteur hakupata usingizi. Mtoto alipona, akakua, na baadaye akawa mlinzi wa taasisi ya Pasteur hadi alipofariki mwaka 1940.

Mgonjwa wa pili ndiye ninayempenda mimi, kwa sababu alikuwa mchungaji kama wengi wetu tunavyokuwa likizoni. Jean-Baptiste Jupille alikuwa na miaka 15. Oktoba 1885 alikuwa machungani na watoto wenzake, akatokea mbwa mwenye kichaa. Wadogo wakakimbia. Jupille akabaki nyuma akapigana na mbwa yule kwa mikono, akamfunga mdomo kwa kamba ya mjeledi wake na kumwua. Aling'atwa vibaya mikononi. Alianza kudungwa sindano siku 6 baada ya kung'atwa, naye akapona. Sanamu yake akishindana na mbwa imesimama Paris katika taasisi ya Pasteur.

Lakini si kila habari ilikuwa ya furaha. Novemba mwaka huo huo aliletwa msichana wa miaka 10, Louise Pelletier, ambaye alikuwa ameng'atwa kichwani siku 37 zilizokuwa zimepita. Pasteur alijua kwamba muda umekwisha, na kwamba akimtibu na akafa, maadui wangesema chanjo ndiyo iliyomwua. Hata hivyo aliwahurumia wazazi akamtibu. Mwanzoni mwa Desemba Louise alifariki. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Methali hii sijapata kuiona ikiuma namna hii.

Machi 1886 walifika Paris Warusi 19 kutoka mkoa wa Smolensk. Hawa walikuwa wameng'atwa na mnyama wa porini, mbwa-mwitu mwenye kichaa, na wengine walikuwa na majeraha mabaya mno ya uso. Zilikuwa zimepita kama wiki mbili. Pasteur akaamuru sindano ziongezwe, asubuhi na jioni. Watatu walikufa, 16 wakarudi kwao wazima. Dunia nzima ikaanza kuchanga fedha, na tarehe 14 Novemba 1888 taasisi ya Pasteur ikafunguliwa. Mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Je, kwetu Kenya? Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na haujatoka. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na mbwa wenye kichaa ifikapo 2030. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Hao ni rika letu na wadogo zetu.

Kwa hiyo maisha ya Pasteur yatufundishe kutenda. Ukiumwa au kuparuzwa na mbwa, paka, fisi, mbweha au mnyama yeyote wa aina hiyo, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Najua kiangazi maji huletwa na punda kutoka mbali, na mama atauliza mtungi umekwenda wapi. Mwambie umekwenda kuokoa maisha. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya gari. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na umalize sindano zote ulizopangiwa. Wazee wengine huogopa kwa kukumbuka sindano za tumboni za zamani. Siku hizi mtu mzima hudungwa mkononi, na dawa yenyewe ina kirusi kilichokwisha kuuawa.

Wanyama wetu wanaolala nje nao wachanjwe kila mwaka, mbwa na paka pia. Wataalamu wanasema tukichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Mbwa aking'atwa na fisi au mbweha, afungwe, asishikwe mdomo kwa mikono mitupu, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Mnyama wa porini asiyeogopa watu mchana kweupe, usimchezee wala usimkaribie. Na ukimwona ng'ombe, punda au ngamia akidondokwa na mate asiweze kumeza, usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Wengi wamejiponza hivyo.

Kutoka machungani hadi Garissa mjini ni safari ndefu, tena barabara ni mchanga. Lakini mama wa Joseph Meister alisafiri na mwanawe mwenye majeraha 14, akafika kwa wakati. Wasomaji wenzangu, mkirudi nyumbani likizo hii simulieni habari hii jioni bomani, kwa lugha yoyote inayoeleweka hapo, ili siku mtoto atakapong'atwa pasiwe na mtu wa kusema tungoje kesho tuone.