Jenerali Gordon na Noti za Khartoum

Wako watu wakusanyao stampu, na wengine vipepeo. Mimi hukusanya noti, yaani fedha za karatasi za nchi mbalimbali, za sasa na za zamani. Wengi hutazama picha kwanza, lakini mimi hutazama sahihi. Noti ni ahadi ya kulipa, nami hutaka kujua ni nani aliyeahidi. Basi leo, wasomaji wenzangu, nataka kuwaelezeni maisha ya mtu aliyetia sahihi noti mashuhuri za Khartoum.

Charles George Gordon alizaliwa Woolwich, karibu na London, tarehe 28 Januari 1833. Baba yake alikuwa askari, na mwana naye akaingia jeshini mwaka 1852, katika kikosi cha wahandisi. Alipigana vita vya Crimea, kisha mwaka 1860 akaenda China. Huko, mwaka 1863 na 1864, aliongoza jeshi la Wachina lililoisaidia serikali ya Kaisari kuwashinda waasi wa Taiping. Lakini wakuu wa waasi wa mji wa Suzhou waliojisalimisha kwa ahadi ya kuachwa hai, waliuawa. Gordon alikasirika mno, na Kaisari alipompelekea zawadi ya fedha nyingi, akaikataa.

Aliporudi kwao alikaa Gravesend tangu 1865 hata 1871, akijenga maboma ya mto Thames. Jioni aliwafundisha wavulana maskini, akatumia sehemu kubwa ya mshahara wake kuwavika na kuwatafutia kazi.

Mwaka 1874 Khedivi Ismail, mtawala wa Misri, alimfanya gavana wa jimbo la Ikweta, katika nchi za Nile ya juu. Aliyemtangulia, Samuel Baker, alilipwa pauni 10,000 kwa mwaka. Gordon alipopewa kiasi hicho alisema 2,000 zamtosha. Walakini si matendo yake yote yaliyotufaa sisi watu wa huku. Alitaka kueneza utawala wa Misri mpaka kwenye maziwa makuu, ila Kabaka Mutesa wa Buganda hakukubali kuipoteza nchi yake. Tena, kwa shauri la Gordon, mwaka 1875 Khedivi alipeleka meli Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Unguja, zikarudi baada ya Uingereza kupinga. Tangu 1877 hata 1879 Gordon alikuwa gavana mkuu wa Sudan yote, akapambana kwa nguvu na wafanya biashara ya watumwa.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi. Wasudani wengi walikuwa wamechoshwa na kodi nzito na dhuluma ya maofisa wa Misri, wakamfuata. Novemba 1883 jeshi la Misri lililoongozwa na Hicks liliangamizwa. Ndipo serikali ya Uingereza ilipompeleka Gordon kuwatoa askari na watu wa Misri. Alifika Khartoum tarehe 18 Februari 1884. Huko alitangaza kwamba hatawazuia watu kumiliki watumwa, na waliomsifu zamani wakashangaa. Mwezi wa Machi mji ukazingirwa.

Sasa fedha zikapungua katika hazina. Askari wanataka mshahara, wenye mtama wanataka bei yao, wala hakuna njia ya kuleta sarafu kutoka Cairo. Gordon akaamuru noti zichapwe kwa Kiarabu, zenye tarehe 25 Aprili 1884. Ndogo kabisa ilikuwa ya piasta 1, nyingine ziliendelea mpaka piasta 5,000, tena kulikuwa na noti ya pauni 50 za Misri. Piasta 100 ni pauni moja. Ahadi yake ilikuwa kwamba zitalipwa katika hazina ya Khartoum au ya Cairo baada ya miezi sita. Gordon alizitia sahihi kwa mkono wake, moja moja. Baadaye nyingine zilitiwa sahihi kwa njia ya kunakili. Wakusanyaji wa leo huchunguza wino kwa makini wapate kuzitambua.

Miezi sita ikatimia Oktoba, na mji ungali umezingirwa. Chakula kikaisha. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 26 Januari 1885 jeshi la Mahdi liliingia mjini, Gordon akauawa pamoja na watu wengi sana. Merikebu za kumwokoa zilifika mbele ya mji tarehe 28, siku ambayo angetimiza miaka 52.

Mtu aliyekataa mali ya Kaisari aliacha deni ambalo hakuweza kulilipa. Aliyeuza mtama wake akapokea noti, asubuhi ile alibaki na karatasi yenye jina la marehemu. Leo karatasi hizo hutafutwa sana, na zile zenye sahihi ya mkono zina bei kubwa zaidi. Lakini bei hiyo haimfikii yule aliyetoa mtama wake mwaka 1884. Kwa hiyo, ninyi mnaoanza kukusanya noti, msiulize bei yake tu. Ulizeni pia ni nani aliyeahidi, na kama waliomwamini walilipwa.