Stefano Kaoze: Mutoto wa Marungu aliyeshika kalamu mapema

Wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo wanamujua Stefano Kaoze kama padri wa kwanza mukongomani wa wakati wa Wabeleji. Wachache njo wanajua kama alikuwa pia mwandishi.

Alizaliwa ku milima ya Marungu, kando ya ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19, kati ya Watabwa. Ukoloni ulikuwa umekwisha kupita pale na bunduki. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wa afisa mubeleji Émile Storms, mwenye ngome kule Mpala, walimuua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka uliofuata, ile ngome ikaachiwa Mapadri Weupe. Ni Mpala pale pale Kaoze alisoma seminari ndogo.

Wakati ule wazungu wengi walikuwa wanasema mutu mweusi hana mawazo yake mwenyewe, anaiga tu. Kaoze, angali mwanafunzi, akajibu kwa kalamu. Mwaka 1910 na 1911, La Revue congolaise ilitosha maandishi yake juu ya akili, utashi na tabia za Wabantu. Ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya mukongomani kuchapwa kwa Kifaransa.

Je, alipinga utawala wa kigeni? Hapana. Alikuwa mutu wa Askofu Victor Roelens, na desturi kadhaa za wazee alizipima kwa macho ya wamisionari. Shida yake ilikuwa hiyo: ili kutetea heshima ya watu wake, alilazimika kutumia luga ya mutawala, na mara nyingine hata mizani yake. Lakini pembeni ya hayo, alikusanya pia habari za Marungu: koo, machifu, safari za mababu. Bila yeye, mengi yangezikwa pamoja na wazee.

Tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 1917 akapewa upadri. Kivu pia ilimuona: mashua zinazotoka Kituku zinaelekea kusini, na nyuma ya Bukavu, mu Bushi, njo Kaoze alitumika miaka fulani. Mu 1933 alianzisha misioni ya Kala, iliyoongozwa na mapadri weusi wenyewe. Alikufa 1951, miaka 9 mbele ya uhuru.

Kila siku watu wa Idjwi, Minova na Kalehe wanashuka Kituku na mizigo, na pia na historia za kwao. Nyingi ziko bado mu vinywa vya wazee tu, na wazee hawangojee. Kaoze hakungoja mugeni amuandikie yake, wala hakungoja uhuru ufike kwanza.