Mirambo

Mirambo (pia Milambo, alizaliwa mnamo 1840, alifariki 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi katika magharibi ya Tanzania ya leo. Jina lake la awali lilikuwa Mtyela Kasanda. Kutoka utemi mdogo wa Uyowa alijenga dola iliyotawala sehemu kubwa ya njia ya misafara baina ya Tabora na Ujiji.

Nguvu yake ilikuwa ruga-ruga, yaani vijana wapiganaji, wengi wao wasio na ukoo wa kuwategemea, waliokwenda haraka, wakashambulia na kutoweka. Mbinu nyingine za vita zilitoka kwa Wangoni. Makao yake yalikuwa Iselamagazi, mji uliozungushiwa boma.

Vita dhidi ya Waarabu wa Tabora

Waarabu wa Tabora walimuunga mkono mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, mpinzani wa Mirambo. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na pembe za ndovu zikakwama.

Wakati huo alikuwepo Tabora Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta David Livingstone. Alifika Juni 1871 na kukaa Kwihara, kando ya mji. Njia yake ikiwa imefungwa, alijiunga na Waarabu na watu wake wenye bunduki, jambo ambalo mwandishi wa habari hakupaswa kulifanya. Mwezi Agosti waliteka ngome ya Mirambo huko Ulyankulu. Stanley alibaki nyuma akiugua homa. Mirambo hakukaa ngomeni kungoja: alitoka, akajificha njiani, akawavamia washindi walipokuwa wakirudi wamelemewa na mateka. Soud bin Said aliuawa pamoja na wengi wa wenzake. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah akauawa. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba yake na kupandisha bendera ya Marekani, lakini Mirambo hakumfikia.

Hata hivyo kazi ya gazeti haikusimama, kwa kuwa njia ya mashariki kwenda Bagamoyo ilibaki wazi. Barua zilibebwa na watu wa misafara hadi pwani, zikavuka kwa jahazi hadi Unguja na kusubiri meli. Simu ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879 tu. Ndiyo maana barua aliyoiandika Kwihara mwanzoni mwa Julai 1871 ilichapishwa New York mwezi Desemba. Msomaji wa Marekani alisoma habari za Unyamwezi wakati hali ilikuwa imebadilika kabisa, na alizisoma kutoka upande mmoja tu. Mirambo hakuwa na gazeti. Katika barua hizo alionekana kama mnyang'anyi, ingawa alikuwa na madai yake juu ya ushuru wa njia na haki ya kutawala.

Mwezi Septemba Stanley aliondoka kwa kuzunguka kusini, akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Vita viliendelea hadi 1875, Waarabu walipokubali amani.

Baada ya vita

Mnamo Aprili 1876 Stanley, safari hii akiandikia pia Daily Telegraph la London, alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana damu. Aliyekuwa mnyang'anyi sasa alielezwa kuwa mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu. Mirambo naye alituma wajumbe Unguja kwa balozi Mwingereza John Kirk, na mwaka 1879 alimkaribisha Urambo daktari mmisionari Ebenezer Southon. Urafiki na Waingereza uliharibika mwaka 1880, wapiganaji walipowaua Carter na Cadenhead huko Mpimbwe.

Mirambo alifariki kwa ugonjwa wakati wa vita vingine. Mrithi wake Mpandashalo hakuweza kuishika dola, nayo ikasambaratika katika miaka michache. Jina lake limebaki katika Wilaya ya Urambo, Shule ya Sekondari Milambo na kambi ya jeshi mjini Tabora.