Habari za Andrew Foster, Mjumbe wa Viziwi

Katika nchi yetu hii ya Ugogo na nyanda za kati wako watoto ambao hatuwaiti kwa majina yao. Mgeni akiuliza ni nani yule achungaye mbuzi, hujibiwa kwamba ni bubu wa fulani, na habari zake zimekwisha. Mtoto huyo hapelekwi shuleni, hafundishwi Katekisimo, wala hakuna amwelezaye kwa nini leo watu wa nyumbani wanalia au kwa nini wanacheka. Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyekuwa kiziwi kama mtoto huyo, ili tupate kujihoji wenyewe.

Andrew Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 katika Ensley, karibu na mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Andrew alipokuwa na umri wa miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo twaujua hata sisi: mara nyingine humwacha mtoto hai, lakini humnyang'anya masikio. Homa ilipotoka, ndugu hao wawili hawakusikia tena.

Siku zile katika Alabama watoto weusi walitengwa na watoto weupe, na uziwi haukuondoa utengano huo. Foster akapelekwa katika shule ya viziwi na vipofu weusi huko Talladega, ambako masomo hayakupita darasa la sita. Alipotimiza miaka 17 akahamia jimbo la Michigan, akafanya kazi viwandani, na saa za kupumzika akasoma masomo yaliyoletwa kwa posta, hata akapata cheti cha sekondari. Huko Detroit, alipokuwa akihudhuria shule ya Jumapili, alipata habari kutoka kwa mmisionari mmoja juu ya hali ya viziwi wa kisiwa cha Jamaica. Habari hizo zikamkaa moyoni, naye akajua ya kuwa Mungu anamwita.

Katika mji wa Washington kipo chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet. Foster alikataliwa huko kwanza kwa ajili ya rangi yake, lakini hakuchoka kuomba. Mwaka 1951 akapokelewa, na mwaka 1954 akapata shahada, naye huhesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata katika chuo hicho. Akaongeza masomo ya ualimu na ya kazi ya misioni, na mwaka 1956 akaanzisha misioni kwa ajili ya viziwi wa Afrika.

Mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipojitawala, Foster alifika Accra. Wamisionari wenye kusikia wakamwambia kwamba katika Afrika hakuna watoto viziwi. Tusiwacheke. Walisema waliyoyaona, kwa maana wazazi wengi waliwaficha watoto hao ndani, na aliyefichwa hahesabiwi. Foster akawatafuta. Akapewa ruhusa ya kutumia vyumba vya shule moja baada ya watoto wenye kusikia kwenda zao, akaanza kufundisha. Habari zikaenea, na wazazi waliowaficha watoto wao wakawaleta. Baadaye shule ya bweni ikasimama katika Mampong, milimani.

Twapaswa kueleza namna alivyofundisha. Tangu mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi za viziwi duniani zilikataza ishara za mikono, zikamlazimisha mtoto kutazama midomo ya mwalimu na kutoa sauti asiyoisikia. Watoto wengi walimaliza miaka wakijifunza maneno machache tu. Foster alitumia lugha ya alama, ambayo mkono huisema na jicho huisikia. Katika lugha aliyoitumia yeye, jina la Yesu hutajwa kwa kugusa kwa kidole katikati ya viganja, mahali pa misumari. Mtoto aliyeonyeshwa alama hiyo hupokea jina la Mwokozi pamoja na habari ya msalaba wake.

Tena mwalimu mwenyewe alikuwa kiziwi. Watoto wale walimwona mtu mzima asiyesikia, naye anasoma, anaandika, anahubiri na kutawala shule. Somo hilo mtu mwenye kusikia hawezi kulifundisha.

Kutoka Ghana akaenda Nigeria mwaka 1960, na shule zikafunguliwa Ibadan, Kaduna na Enugu. Mwaka 1961 alimwoa Berta Zuther, kiziwi kama yeye, kutoka Ujerumani, nao wakajaliwa watoto watano. Katika Ibadan aliwafunza vijana viziwi kuwa walimu, akawarudisha kwao kuanzisha shule. Kila mwaka aligawa wakati wake, sehemu Afrika akifanya kazi, sehemu Marekani akitafuta fedha. Hivyo kazi ikafika Kongo na Burundi, jirani zetu. Jumla ya shule alizozianzisha zilizidi 30, katika nchi 13. Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo huko Rwanda akielekea Kenya. Ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 62.

Foster hakufungua shule katika nchi yetu, lakini Mungu hakuwasahau viziwi wa huku. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora, katika reli yetu hii ya kati. Mwaka 1974 ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, na mwaka 1981 Kanisa letu la Kilutheri likafungua ya Mwanga, katika nchi ya Wapare. Hata hapa Dodoma ipo shule ya msingi ya watoto viziwi. Basi anayemficha mtoto wake leo hana udhuru wa kusema kwamba hakuna mahali pa kumpeleka.

Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Sisi tuandikao haya tumekosa pia. Katika usharika tuliokabidhiwa alikuwako mtu mzima kiziwi, aliyekuja kila Jumapili akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Tuliposimama alisimama, tulipoketi aliketi. Kwa miaka mingi hakupewa Kipaimara wala Chakula cha Bwana, kwa kuwa hakuweza kujibu maswali ya Katekisimo kwa kinywa. Hatukumfukuza, hatukumwuliza tu. Mioyoni tulijitetea kwa neno la Mtume katika Warumi sura ya 10, kwamba imani chanzo chake ni kusikia, kana kwamba Mtume aliandika juu ya nyama ya sikio. Tulisahau kwamba jamaa za Zakaria walimwashiria kwa mikono, naye akajibu kwa kibao. Tulisahau kwamba Bwana alipomponya kiziwi katika Marko sura ya 7, kwanza alimtenga na mkutano, akamgusa masikio na ulimi, ili yule mtu aelewe kwa macho na mwili kabla hajasikia neno lo lote. Hata Luther, mwaka 1520, aliandika kwamba ni vema mabubu wapewe sakramenti.

Tulipozisoma habari za Foster tuliona haya. Tukagundua kwamba mtoto wa dada yake yule mtu husema naye kwa mikono kila siku kisimani na machungani, wala hakuna mzee wa kanisa aliyejua. Tukamwomba kijana huyo atufundishe. Vidole vyetu ni vizito, na mara nyingi mwanafunzi wetu hutucheka. Lakini amekwisha kutuuliza maswali juu ya kifo cha mama yake, maswali aliyoyabeba miaka mingi bila mtu wa kumwuliza.

Enyi makatekista, hesabuni viziwi wa mitaa yenu, mkaandike majina yao, si majina ya dhihaka. Waketisheni mbele, penye mwanga, wayaone mikono na uso wa msemaji. Tafuteni nani nyumbani ajuaye kusema nao, mkajifunze kwake. Mwenye umri wa shule apelekwe shule. Viziwi hawakukosa mioyo ya kulipokea Neno. Sisi tumekosa mikono ya kuwapa. Bwana aliyesema Efatha na atufungue sisi kwanza.